Wasomaji Wanauliza: Tunataka Kwenda Visiwani Kutwa Moja na Hela Yetu ni ya Kubana

Kamwene wasomaji wa Iringa na Njombe, mugonile wa Rungwe na Kyela, na nyie wa Mbeya mjini mpaka Tunduma habari za baridi. Maswali ya safari yamekuja mengi mwezi huu na karibu yote yanazunguka jambo moja, yaani vikundi vinataka kushuka pwani, kupanda boti asubuhi, kuzunguka kisiwani, kuogelea, kula samaki na kurudi jioni, alafu bajeti ya kila mtu ni ndogo. Nimefurahi sana kwa kweli, maana hizi bahari na visiwa ni vyetu na watu wa nyanda za juu tunavijua zaidi kwa picha. Mengine nimeyaunganisha pale yalipouliza kitu kilekile.

Sisi ni kina mama 18 wa kikoba, tumechanga kidogo kidogo na sasa hela inakaribia. Nusu wanataka Zanzibar, nusu wanasema visiwa vya Dar vinatosha. Bei tunazotajiwa zinapishana sana, mmoja anataja hivi mwingine anataja mara tatu yake kwa safari ileile. Tushike lipi? – Mweka hazina, Uyole

Mama zangu hongereni, kuchanga mpaka hela ikafika sio kazi ndogo. Nianze na hizo bei kupishana maana ndo mnapochanganywa. Kuna bei ya kichwa na kuna bei ya boti. Bei ya kichwa ni ile unajiunga na watu usiowajua, kila mmoja analipia nafasi yake, na mara nyingi imepangwa kwa kumfikiria mgeni wa kutoka nje. Bei ya boti ni mnakodi chombo kizima kutwa, nahodha na mafuta ndani, mnagawana wenyewe. Nyie mko 18, msikubali kabisa kulipishwa kwa kichwa kabla hamjauliza bei ya boti nzima. Nachukua mfano tu wa hesabu, tuseme nahodha anataka laki tatu kwa kutwa, mkiwa kumi kila mtu anatoa elfu thelathini, mkiwa 18 inashuka mpaka kama elfu kumi na saba. Hapo ndo nafuu ya kikundi ilipo. Ila nafuu hiyo ina mwisho wake, na mwisho wake ni idadi ya watu iliyoandikwa kwenye leseni ya chombo. Kama boti ni ya watu 12, nyie ni boti mbili, hata nahodha akiwaambia "jibaneni tu mama tutafika".

Pili, kabla ya kulinganisha bei ulizeni ndani yake kuna nini, na muulize kimoja kimoja. Kiingilio cha hifadhi kimo au tunalipa wenyewe? Chakula? Maji ya kunywa? Miwani ya kuzamia na mrija wake ni bure au ya kukodi? Usafiri wa kutoka gesti mpaka ufukweni? Mara nyingi yule wa bei ndogo ameondoa kiingilio na chakula, na yule wa bei kubwa kaweka kila kitu mpaka matunda, sasa ukijumlisha mwisho wa siku unakuta wanakaribiana. Andikeni kwenye daftari la kikoba majina ya vitu upande mmoja, bei za watu watatu upande wa pili, mtaona wenyewe.

Sasa Dar au Zanzibar. Ushauri wangu kwa kikundi kinachoenda mara ya kwanza, ambacho wengi hawajawahi kupanda boti, ni Dar, na hasa kisiwa cha Mbudya. Sababu zangu ni hizi. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, yamelindwa kisheria toka mwaka 1975, kwa hiyo matumbawe na samaki unawaona na ufukwe ni msafi. Mbudya mnavukia Kunduchi na ni mwendo mfupi tu, dakika kama ishirini hivi, wakati Bongoyo watu wengi huondokea Msasani pale Slipway na inachukua kama nusu saa. Kwa mtu anayeogopa maji hiyo dakika ishirini ina maana kubwa, kabla hofu haijamkolea anaona mchanga huo hapo. Kisiwani kuna vibanda vya makuti vya kukodi, kuna watu wanakaanga samaki na chipsi, kuna kivuli. Na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, ila lazima uthibitishe, kwa hiyo kila mama abebe kitambulisho chake cha NIDA, asikiache kwenye begi gesti.

Zanzibar ni nzuri, sitamkatisha tamaa mtu, ila hesabu yake ni nyingine. Kuna feri ya kama masaa mawili kwenda na mengine kurudi, kuna kulala angalau siku mbili, ndo boti ya kutwa inakuja juu ya hapo. Msijaribu kuondoka Dar asubuhi, mkafanye safari ya boti, mrudi Dar jioni, mtakuwa mmekaa kwenye maji siku nzima na hamjaona kitu. Wakati ukifika mna njia mbili za bei nafuu. Moja inaanzia Mji Mkongwe, boti ndogo zinawapeleka Changuu, kile kisiwa wanachokiita Prison, ambako jengo lilijengwa miaka ya 1890 liwe jela likaishia kuwa karantini ya wagonjwa waliokuwa wanashuka melini, na kuna kobe wakubwa ajabu ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Alafu mnapitia fungu la mchanga la Nakupenda mnaogelea. Nyingine inaanzia Fumba kusini mwa kisiwa, mnaingia ghuba ya Menai ambayo ni hifadhi toka 1997, mnapita mafungu ya mchanga, mikoko, mnakula samaki na kamba kisiwa cha Kwale. Hii ya Fumba ndo tamu zaidi, na ndo ghali zaidi kati ya hizo mbili. Mimi ningewaambia mwaka huu Mbudya, wale watakaopenda maji waanze kuchanga ya Fumba.

Na jambo ambalo vikundi vya huku vinalisahau, kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mtapita Makambako, Mafinga, Iringa, mtashuka Kitonga, mtakatiza Mikumi, mnafika Mbezi mmevimba miguu. Msiweke boti kesho yake alfajiri. Wekeni siku moja ya kupumzika katikati. Na msiende kulala Kariakoo kwa sababu tu ndo jina mnalolijua, ukishuka stendi ya Mbezi unaweza kupita njia ya Goba ukatokea upande wa Tegeta na Kunduchi, kuna gesti za bei ya kawaida, asubuhi mko karibu na boti wala hamhangaiki na foleni ya mjini. Wale wenye muda na wasio na haraka wanaweza kuulizia treni ya TAZARA, ila ulizeni stesheni yenyewe kama inatembea wiki hiyo na muache nafasi ya kuchelewa.

Sisi walimu tunapata nafasi likizo ya Juni au Desemba tu. Kuna mtu wa pwani katuambia Juni bahari inachafuka, mwingine anasema ndo mwezi mzuri kwa sababu hakuna mvua. Nani mkweli? Na hii habari ya maji kupwa na kujaa inatuhusu nini sisi wa kwenda kutwa? – Mwalimu, Tukuyu

Mwalimu shikamoo. Wote wawili wana ukweli. Juni masika yameshakatika na jua lipo, lakini ndo msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini na kusini mashariki, unaanza mida ya Aprili au Mei na kati ya Juni na Agosti una nguvu kweli. Mawimbi yanakuwa makubwa hasa mchana kwenda jioni, maji yanakuwa ya baridi kidogo (kwa mtu wa Tukuyu hata hayatamshtua) na kuzamia kuona samaki sio kuzuri sana maana mchanga unatibuka. Desemba mpaka Februari ni msimu wa upepo wa kaskazi, joto kali ila bahari kwa siku nyingi inapitika vizuri, na Septemba mpaka Novemba katikati ya pepo hizi mbili kuna siku bahari inalala kabisa. Kwa hiyo mkiweza, Desemba. Tatizo Desemba ni kwamba Dar na Zanzibar bei zinapanda kuanzia Krismasi, kwa hiyo mkifunga tu shule ondokeni, msingoje sikukuu.

Kama ni lazima Juni bado inawezekana. Ondokeni mapema, saa moja na nusu mko ufukweni, na mpange kurudi kabla ya saa tisa. Chagueni kisiwa cha karibu na mkae upande wake wa magharibi unaotazama bara, maana kisiwa chenyewe kinawakinga na upepo. Na mkubaliane kabisa kabla hamjaondoka Tukuyu kwamba nahodha akisema leo haipitiki, basi haipitiki. Najua inauma kutoka mbali kote huko ukaambiwa rudi, lakini msimbembeleze na msimuongezee hela. Nahodha anayekubali kuvuka kwa sababu ameongezewa hela sio wa kupanda naye.

Sasa maji kupwa na kujaa, hapo mwalimu umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi na ndo linaloamua siku yenu itakuwaje. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo kuna bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika mita nne. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Na kwa pwani ya Dar na Zanzibar kuna kanuni nzuri ya kukumbuka, siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi na yanajaa mida ya saa kumi jioni, siku za maji mafu inakuwa kinyume chake.

Inawahusu hivi. Mafungu ya mchanga kama Nakupenda yanaonekana maji yakikupwa, yakijaa fungu linazama. Kwa hiyo kama mnataka zile picha za mchanga mweupe katikati ya bahari, nendeni siku za bamvua na muwe pale asubuhi. Lakini siku hizohizo, kama mnaondokea Fumba, boti haiwezi kusogea mpaka ukingoni, mtatembea kwenye mawe na maji ya magotini mpaka muifikie, mwenye magoti mabovu ajue mapema. Kama mnachotaka zaidi ni kuvaa miwani na kuangalia samaki, maji mafu yana mkondo mdogo na mara nyingi maji yanakuwa angavu zaidi. Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe mwangalie mwezi angani au kalenda ya mwezi, alafu mpigie nahodha umuulize "tarehe hiyo maji yanakupwa saa ngapi?" Nahodha wa kweli anakujibu papo hapo bila kuangalia popote, na akijibu hivyo mmejua pia mnaongea na mtu wa bahari na sio dalali.

Kundi letu la kazini limepanga safari na mimi natamani sana ila mume wangu anasema hapana, watu wa huku hatujui kuogelea, boti zinazama kila siku, watoto watabaki na nani. Mimi kweli sijui kuogelea. Nimwambie nini? – Mama wa wawili, Mafinga

Dada yangu, kwanza mumeo anakupenda, na hofu yake haijatoka hewani. Nchi hii imezika watu wengi kwa ajili ya vyombo vya majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria karibu kabisa na Ukara, uwezo wake ulikuwa watu 101 na waliokufa peke yake walizidi 220. Lile lilikuwa ziwani na lilikuwa kivuko cha kila siku, sio boti ya matembezi, lakini sababu ya kuzidisha watu ndo hiyohiyo inayoua kwenye vyombo vidogo. Kwa hiyo usimwambie anaogopa bure. Mwambie mtakagua nini, tena ikiwezekana mkae naye msome hapa pamoja.

Kutojua kuogelea hakukuzuii kwenda, wengi wanaopanda boti hizi hawajui. Kinachokuzuia kufa maji ni laifu jaketi uliyoivaa na ukaifunga. Nasema uliyoivaa. Ile iliyolundikwa chini ya kiti haina kazi, chombo kikipinduka huna muda wa kuitafuta wala kufungua kamba zake. Ukifika ufukweni kabla hujapanda omba yako, ivae, funga buklesi zote, alafu mwambie mwenzio aivute juu kwa nguvu mabegani. Ikipanda ikakupita kidevu ni kubwa kwako, omba nyingine. Kama kuna watoto kwenye kundi wanahitaji za saizi yao, ya mtu mzima mtoto anachomoka humo kama haipo. Ikiwa nahodha hana za kutosha watu wote, hapo safari imeisha hata kama mmeshalipa.

Alafu angalia chombo. Bara vyombo vinasimamiwa na TASAC na Zanzibar kuna ZMA, kwa hiyo boti ya kubeba abiria kihalali inatakiwa iwe imekaguliwa na iwe na leseni, na idadi ya abiria ijulikane. Omba kuona, ni haki yako, hamna haja ya kuona aibu. Angalia kama kuna mtu wa pili kwenye boti zaidi ya nahodha, angalia kama kuna makasia au mashine ya akiba, uliza wana simu au redio na nani yuko nchi kavu anayejua mmetoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi. Na nyie wenyewe achieni mtu mmoja wa nchi kavu majina ya waliopanda, mumeo anaweza kuwa huyo mtu, mtumie jina la boti, namba ya nahodha na saa ya kurudi.

Mkifika kisiwani usiingie maji ya zaidi ya kiunoni, na ukitaka kuangalia samaki vaa jaketi yako hivyohivyo ulale juu ya maji, utawaona vizuri tu kama wanaojua kuogelea. Na hili nalisema kwa msisitizo kwa makundi ya kazini, pombe mkanywe jioni mkisharudi. Watu wanakunywa kisiwani kuanzia saa tano, saa tisa wanaingia kuogelea, saa kumi wanasimama kwenye boti wakicheza muziki upande mmoja. Kama kundi lenu linajulikana kwa hilo na hakuna kiongozi anayeweza kuwakataza, mumeo yuko sahihi, usiende na hao, nenda na wengine.

Nimeona ukurasa Instagram wana picha kali sana na bei rahisi, wanataka tulipe yote kwa simu ili watushikie nafasi. Ni salama? – Kijana, Makambako

Yote usilipe. Picha zinaibiwa, yeyote anaweza kuzichukua kwa mwingine. Omba wakupigie video ya laivu wakiwa ufukweni na boti ikionekana, angalia kama jina linalotokea kwenye muamala linafanana na jina la biashara au la mtu mliyeongea naye, na toa advansi ndogo tu, nyingine mkabidhi ufukweni baada ya kuona chombo na majaketi. Kama kuna ndugu yenu anakaa Dar mtumieni nauli ya daladala aende akaone kabla. Hamkosi, kila mtu wa Makambako ana ndugu Dar. Viingilio vya hifadhi vinalipwa kwa kontroo namba na unapewa risiti, kwa hiyo akikuambia umpe yeye taslimu za kiingilio muombe hiyo namba ulipe mwenyewe.

Na ndani ya grupu lenu wekeni mwisho wa kulipa, na mwandike mapema kwamba anayejitoa baada ya boti kushikwa hela yake hairudi mpaka apate wa kuziba nafasi. Bila hivyo mtu mmoja anajitoa siku mbili kabla na bei ya wote inapanda, ugomvi unaanzia stendi.

Nataka kumchukua mama yangu, ana miaka 70, hajawahi kuiona bahari maisha yake yote. Kwaya yetu inaenda na wamekubali aje. Naogopa kutapika na jua. – Mwanakwaya, Njombe

Mchukue. Kwa kweli barua hii nimeisoma mara nyingi na nimeguswa, mpelekeni mama akaione.

Ila mtayarishe. Kama ana presha au sukari mpitishe kwa daktari wake kwanza na umuulize pia kuhusu vidonge vya kichefuchefu cha safari, vinanyweka kabla ya kupanda, sio ukishaanza kutapika, na vingine vinaleta usingizi au havipatani na dawa anazotumia. Asubuhi ale kitu chepesi, chai ya tangawizi na mkate, asiende na njaa na asiende na supu ya mafuta. Kwenye boti akae katikati kuelekea nyuma, chini, mbele hurushwa sana na mawimbi, ila sio karibu na mashine maana moshi wa petroli peke yake unatosha kumchafua mtu tumbo. Atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu, asitazame simu wala chini.

Jua la baharini linadanganya kama jua la Njombe, upepo unakupuliza husikii joto, jioni ndo unasikia ngozi inawaka. Kofia pana, khanga ya kujifunika mabega, losheni ya jua hasa usoni na nyuma ya shingo, na maji ya kunywa mengi kuliko anavyodhani anahitaji, watu wa baridi hatujazoea kunywa maji. Kama kwenye kwaya kuna mwenye ualbino, huyo ni nguo ya mikono mirefu na kivuli muda wote, na boti iwe na turubai juu, ulizeni mapema.

Kupanda na kushuka ndo patakapompa shida zaidi. Sehemu nyingi hamna gati, unaingia kwenye maji mpaka magotini ndo unashika ngazi. Wachagueni vijana wawili wa kwaya kazi yao ni mama tu, mmoja chini mmoja juu. Na avae yeboyebo, sio ndala zinazochomoka, kwenye mawe kuna wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, ukikanyaga ni maumivu ya siku kadhaa.

Kwa nini tuhangaike mpaka Dar wakati tuna Ziwa Nyasa hapa jirani? – Mkulima wa kahawa, Mbozi

Swali zuri na kwa wengine hilo ndo jibu lenyewe. Kutoka Mbozi mpaka Matema unafika siku hiyohiyo, unalala ufukweni chini ya milima ya Livingstone, asubuhi unakodi boti mpaka Ikombe kuwaona kina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu, mchana mnakula samaki aina ya mbasa, jioni mmerudi. Gharama yake haifanani kabisa na ya Dar. Visiwa vya mchanga mweupe kama vya bahari hutavipata pale Matema, na hakuna maji kupwa na kujaa, lakini kama kikundi chenu hakijawahi kupanda boti kabisa mimi naona Matema ni mahali pazuri pa kuanzia, mjuane nani anatapika, nani anaogopa, nani hasikii akiambiwa kaa chini.

Msilidharau tu kwa sababu ni ziwa. Lina kina cha mita kama 700 na upepo ukigeuka mawimbi yake ni makubwa, kwa hiyo habari ya majaketi na leseni ni ileile, na mtoke asubuhi. Midomo ya mito kama Lufilyo ina mamba, ogeleeni pale wenyeji wanapoogelea na muulize kwanza. Na ziwa lina kichocho sehemu sehemu, hasa penye majani na maji yaliyotulia, kwa hiyo mkirudi mkaona dalili yoyote, au hata bila dalili baada ya wiki kadhaa, pimeni hospitali, dawa yake ipo.

Tuna mpango wa kupiga picha tumeshika viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wa umbo la nyota, na kurudi na makombe ya baharini ya kuuza chuoni. Kuna shida? – Mwanafunzi, Iringa

Ipo. Kiti cha pweza anapumulia maji, ukimtoa juu kwa ajili ya picha unamnyima pumzi, na akishapita mikononi mwa makundi matano siku hiyohiyo anakufa. Mpige picha akiwa ndani ya maji, maji ni angavu, anaonekana vizuri tu. Matumbawe msiyakanyage wala kuyashika, yana uhai na yanakua taratibu mno, kipande ulichovunja kwa dakika moja kimechukua miaka. Makombe ya hifadhini hayachukuliwi, sio ya kuuza wala ya kuweka sebuleni. Mifuko ya plastiki mnajua imepigwa marufuku toka Juni 2019, na chupa mlizoenda nazo rudini nazo. Mkifika Zanzibar mjini mvae nguo za heshima mkishatoka ufukweni, kanga moja kwenye begi inatosha.

Chakula cha kisiwani tubebe au tununue? – Msomaji, Vwawa

Bebeni matunda, karanga, maji na mkate, samaki mnunue kule. Ila msifike saa saba ndo mnaagiza watu ishirini kwa pamoja, jiko ni moja na mtakula saa kumi wakati boti inawangoja. Mwambieni nahodha awapigie wapishi simu asubuhi kabla hamjavuka, mkubaliane idadi ya sahani na bei ya kila sahani, mkishuka tu moto uwe umeshawashwa.